Vidonge vya Dumuzi

4 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yanajua mvua kabla ya redio. Binti yako Kiroboto hajambo, mdomo ndio hauna breki. Hata sasa yuko begani kwangu ananisahihisha.

Mahindi yamekubali mwaka huu. Ila wezi wamevunja ghala la jirani, basi yangu nimeyahamishia chumbani tunakolala, magunia hadi karibu na dari. Kumbe dumuzi nao wamehamia humo humo, wanayatoboa. Muuza dawa za mazao ana vidonge vya kuwaua, nitanunua siku ya soko. Simu yangu bado iko kwa fundi, kwa hiyo barua nampa dereva wa lori kama kawaida.

Mama yako

11 Juni

Mama, shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi mzima, lakini barua yako imeninyima raha.

Nakuomba sana, vidonge hivyo usiviweke mnapolala. Hapa kwenye ghala ninakobeba magunia, vikiwekwa tunatolewa wote, milango inafungwa, na hata mlinzi anakaa mbali. Vinatoa hewa ya sumu, na hewa hiyo haitofautishi dumuzi na mtu. Heri mahindi yaliwe. Heri wezi wayabebe. Nimempigia jirani, hapatikani. Dereva ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Mwanao

10 Juni

Mwanangu mpenzi,

U hali gani? Sisi leo si wazima sana. Vidonge niliviweka jana jioni. Muuzaji alisisitiza pazibwe, hewa isitoke, la sivyo havifanyi kazi. Basi mimi na Kiroboto tumeziba dirisha kwa matambara, na chini ya mlango pia. Anajua kazi, huyo!

Chumba kinanuka kama vitunguu saumu. Kiroboto ametapika na kichwa kinamuuma, na mimi kifua kinabana. Nadhani ni ile mvua iliyotunyeshea sokoni. Nimemfunika blanketi zote mbili, na leo tutalala mapema. Tambara moja lilikuwa limelegea, nimelikaza. Dumuzi wanaanguka, ungefurahi kuwaona.

Mama yako

13 Juni

Mama, shikamoo.

Barua yako ya tarehe kumi nimeletewa leo mchana. Imepishana na yangu njiani. Niliisoma nikiwa na gunia begani, nikalitupa chini nikakimbia.

Niko stendi. Gari la huko ni kesho alfajiri. Nimewabembeleza madereva wote, hakuna anayeelekea upande wenu. Jirani bado hapatikani. Naogopa, mama. Barua hii sina wa kumpa, nitakuja nayo mwenyewe, lakini kukaa bure siwezi.

Watu wananitazama kwa sababu naongea peke yangu. Fungua dirisha, mama. Mtoe mtoto nje. Fungua dirisha.

Mwanao