Mjomba, Sikuufanya Ule Mtihani

Mjomba,

Shikamoo. Miezi mitatu imepita tangu tukuzike hapo Ruponda, na kila nikishika kalamu nakosa pa kuanzia. Leo naandika harakaharaka nisije nikabadili mawazo.

Ule mtihani wa CPA sikuufanya. Hata kujisajili sikujisajili, mjomba.

Unakumbuka nilipomaliza chuo, siku watu walipokuja kunipongeza? Kwa kuringa tu, nikasema digrii peke yake haitoshi, mhasibu kamili ni mwenye CPA. Ukadaka hapohapo. Redio yako, ambayo tangu utoto wangu sijaiona imezimwa, ukaihamishia kwa jirani yako mzee Chilumba, ukawa unakwenda kusikilizia mpira kibarazani kwake kama mtu asiye na kwake. Mbuzi ukamfunga kule mbali kwenye mikorosho, eti ana mdomo sana. Msimu wa korosho ulipofika wote wakaenda kuokota, hadi mkeo na goti lake bovu, mimi nikaachwa ndani. "Huyu msimtume, anasoma."

Kitabu kilikuwa mezani kweli. Mimi nilikuwa kitandani na simu. Nikisikia kandambili zako uani, nafunua ukurasa wowote ule. Nawe unapita unanyata, mtu mzima na mwili ule, unanyata kwenye uwanja wako mwenyewe!

Uvivu ulikuwepo, sikatai. Lakini zaidi niliogopa. Chuoni nilibebwa na wenzangu kwenye kazi za vikundi, na nilipofungua kile kitabu nikakuta mambo niliyopaswa kuyajua tangu mwaka wa kwanza, na siyajui. Nikakifunga. Niliona mtihani utanianika, na wewe ulishawatangazia watu hadi Nachingwea mjini kwamba mpwa wako ni mhasibu.

Wiki ya mtihani nilipanda basi kwenda Dar, nikakaa Mbagala kwa rafiki yangu Neema, tukapika na kuangalia tamthilia. Niliporudi ulikuja kunipokea stendi ya Nachingwea. Nikataka kujitwisha begi langu, ukalinyakua. "Kichwa hicho kimechoka, usikitwishe." Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikakwambia majibu bado, na mbele kuna mitihani mingine. Kwa hiyo nyumba ikaendelea kukaa kimya.

Ndiyo maana ulifia kwa mzee Chilumba. Presha ilikupanda mpira ukiendelea, na yeye hakujua dawa zako zinakaa wapi. Zilikuwa dirishani mwa chumba nilichojifungia. Watu wananiambia zisingesaidia. Huenda. Sijui.

Kilichonimaliza kabisa ni msibani. Wanawake walipoanza kulia, mkeo, naye machozi yanamtiririka, akawaambia, "Lieni taratibu jamani, mtoto ana mtihani." Wakamtii. Wakakulilia huku wameziba midomo kwa khanga, kwa ajili yangu. Nilitamani ardhi inimeze, na bado sikusema kitu.

Sasa nafanya kazi Ruangwa, kwenye duka la pembejeo. Nauza salfa na mabomba ya kupulizia mikorosho. Bosi wangu ana ndugu Ruponda, akasikia sifa zako juu yangu, basi ananiita "Bi CPA," na wateja nao wamedakia. Nimekuwa nikiitika. Kila nikiitika najisikia mwizi.

Ijumaa iliyopita nilishindwa kuendelea hivyo. Nikaenda kwa mkeo, bado yumo edani, nikamweleza yote, hadi Mbagala. Alikunjua pindo la khanga, akalikunja tena. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Usiufanye kwa ajili ya marehemu. Marehemu hana shida nao tena. Wewe mwenyewe unautaka?"

Mjomba, hilo swali sikuwahi kuulizwa na mtu. Wala mimi sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nimekuja tayari kuapa kwamba nitaufanya kwa heshima yako, na yeye akaninyang'anya kiapo.

Jumatatu nilikwenda na kitabu dukani. Pikipiki zinapiga honi, mtu anauliza bei ya bomba, mwingine anabishana kuhusu chenji, nami katikati ya hayo nasoma sura ya kwanza. Sikuelewa. Nikarudia mara tatu, nne, nikaelewa jambo moja dogo, na nikafurahi hadi mteja akaniuliza nacheka nini. Basi jibu langu ni ndiyo, nautaka. Nitajisajili kuanzia ngazi ya chini kabisa, na nitasoma hivyohivyo kwenye kelele. Bosi nimeshamwambia asiniite lile jina. Alishangaa, wateja wawili wakacheka, nikavumilia.

Nisamehe, mjomba. Naomba hivyo nikijua huwezi kunijibu, na ndilo linaloniuma zaidi.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na akutilie nuru. Siahidi kufaulu, kwa sababu ahadi za namna hiyo nilizitumia vibaya ulipokuwa hai. Naahidi hili: nikifeli, nitapanda gari siku hiyohiyo hadi Ruponda, nisimame uani kwako, na niseme kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu kwamba nimefeli.

Kwaheri, mjomba wangu.

Ni mimi mpwa wako Salma, ambaye hajawahi kufanya mtihani wa CPA hata mmoja.