Viinitete vya Miiba Minene Vimeishi

Jumamosi, Garsen. Jua limeshachoma mabati na bado sijanywa chai, lakini leo silalamikii joto. Leo nimeshinda.

Nimeiona jeni ikiwaka.

Niandike taratibu, nisiruke kitu. Natafiti wale wanyama wa baharini wa duara, wanaochoma watu nyayo kwa miiba yao. Nalinganisha aina mbili: wa miiba myembamba, na wa miiba minene kama penseli, ambao hawajabadilika sana tangu kale. Wote huanza na yai moja linalokua kuwa kiinitete, na wote wana jeni ya kujenga mifupa yao midogo. Nilitaka kujua jambo moja tu: katika mabadiliko ya vizazi na vizazi, kilichobadilika ni jeni yenyewe, au ni wakati wa kuwashwa kwake?

Wa miiba myembamba niliwamaliza Mombasa. Jeni yao huwaka mapema, kiinitete kikiwa bado kijitufe cha seli. Wa miiba minene ndio walionitoa jasho. Huletwa na wavuvi wa Kipini, mdomoni mwa mto, kwa hiyo nilipewa chumba hapa Garsen, hadubini na friji, na maji ya bahari nikawa nateka mwenyewe huko Kipini. Kila kundi la viinitete likafa.

Wiki iliyopita profesa wangu alipiga simu. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kundi lijalo likifa pia, niachane na swali langu nitafute jingine. Nilijifungia stoo nikalia katikati ya mitungi.

Jumapili nikaenda kwetu Ozi kujipoza. Baada ya kanisa tulishuka mtoni na Mama kuteka maji. Bahari ilikuwa imejaa na kuusukuma mto juu, na wakati kama huo sisi wa Ozi hatuzamishi ndoo. Tunailaza, tunakwangua juu juu, maana maji matamu ni mepesi na hukaa juu ya yale ya chumvi. Nilijua hivyo kabla sijajua kusoma. Mama akakwangua, nami nikakwangua kando yake, kisha mkono wangu ukasimama.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiteka Kipini.

Pale mto unapomwagika baharini, maji yake hutanda juu. Kipimo changu cha chumvi kilikuwa kimevunjika, nikaamini ulimi. Chumvi ilitosha ulimi wangu, haikutosha viinitete. Nilipomweleza Mama alicheka mpaka akatua ndoo.

"Mwanangu, umewapa maji ya kunywa na wao hawana kiu."

Jumatatu nikamwomba mvuvi anipeleke mbele ya mdomo wa mto, nikazamisha mtungi mpaka bega likalowa. Kundi hili likaishi.

Leo asubuhi nimetazama rangi ya zambarau, ambayo hutokea pale tu jeni ilipowaka. Kwenye viinitete vichanga, hakuna kitu. Kwenye vile vilivyokwisha kuanza kukunja utumbo, zambarau tele. Jeni ni ile ile, ila hawa wanaiwasha wakiwa wamechelewa. Ni kama mpunga: mbegu ya Ozi hunyweshwa na maji yanayopandishwa na bahari, mbegu hiyo hiyo ikipelekwa Ndera, mbali na bahari, hungoja mafuriko ya mto.

Nilipiga kelele. Jirani yangu Halima, Muorma anayeuza maziwa, alikuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Nikamwekea jicho kwenye hadubini. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kadogo hivi," akasema, "na ndiko kalikokuliza?"

Ndiko. Na leo kamenirudishia heshima yangu yote. Profesa nilimtumia picha, akapiga simu akasema nisithubutu kuliacha swali hilo. Nimefurahi kiasi kwamba nafagia chumba ambacho ni kisafi.

Sasa hivi nimeenda kwenye pipa kuteka maji ya chai. Mkono umekilaza kikombe wenyewe na kukwangua juu juu, ingawa maji ya Garsen ni matamu hadi chini. Nimecheka peke yangu. Mkono huu ni wa Ozi na sitaki uwe wa kwingine. Jumatatu naurudisha Kipini, na huko utazama hadi begani.