Dhahabu ya Kichupani

Mama Neema wangu,

Hamjambo huko Uvira? Nimefika Bukavu salama, ila mvua haijakatika. Leo kwenye semina huku Ibanda, profesa mgeni alituonyesha kichupa cha maji mekundu. Ndani mna punje za dhahabu zisizoonekana kwa jicho, zimepakwa rangi. Zikichanganywa na damu na kumulikwa kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, rangi hiyo hutoa alama, na hata ugonjwa uliojificha kwenye damu hujulikana.

Mwalimu mwenzetu, Maman Nabintu, aliomba akishike kichupa. Mume wake aliuawa na askari kwenye machimbo ya dhahabu. Alikitazama, kisha akauliza:

"Hii dhahabu itaponyesha watu?"

"Itasaidia kuona ugonjwa mapema, maman."

"Basi mufanye mbio, profesa. Ile ingine iko inatumaliza."

Akamrudishia kichupa chake.

Nibusie watoto. Nawawaza sana.

Papa Neema