Okidi ya Mama Mkwe Kwenye Chungu cha Bluu

Jumapili, 2 Machi

Wiki ya tatu nikiwa mke wa mtu! Nimeamka nikamtazama mume wangu akiwa amelala, mdomo wazi kidogo, nikacheka peke yangu.

Mama mkwe amekuja na zawadi – okidi iliyofungwa kwenye kipande cha gogo. Ameipakata garini njia nzima. Marehemu baba mkwe aliiokota kwenye tawi lililoangushwa na upepo, mwaka walipooana. Inachanua mara moja tu kwa mwaka, maua meupe, na ikichanua mama huketi mbele yake na kumsimulia mumewe habari za mwaka mzima. Na amenikabidhi mimi! Wifi yangu aliiomba akanyimwa. Mama akasema ikianza tu kutoa vitumba nimwite. Nililia mpaka kamasi.

Jumatatu, 3 Machi

Okidi yenyewe, Mungu anisamehe, ilikaa ovyo. Gogo limechakaa, mizizi inaning'inia hewani kama tambi. Zawadi ya mama haiwezi kukaa hivyo nyumbani kwangu! Nimeipunguza mizizi kwa mkasi, nimetupa gogo, nimeipanda kwenye chungu cha bluu tulichopewa harusini. Udongo mweusi, samadi tele, maji asubuhi na jioni. Imependeza! Mume wangu kanibusu mkono ukiwa na udongo vilevile. Eti nina mkono wa baraka. Jamani, huyu mwanamume!

Jumatatu, 10 Machi

Majani mawili ya njano. Nimeongeza samadi.

Alhamisi, 13 Machi

Mengine matatu! Moja limeanguka nilipoligusa tu. Nimeongeza maji, nimepunguza maji, nimeiweka juani, nimeirudisha kivulini. Nimeiimbia. Nimeigombeza. Haisikii! Na biolojia nilifaulu vizuri tu shuleni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeibeba na chungu chake hadi kwa muuza miche. Alicheka mpaka akashika ukuta.

– Dada, huyu umemzika hai!

Kumbe okidi ya namna hii huishi juu ya miti, wala udongo haiujui. Ile mizizi ya hewani ndiyo inayonywa unyevu. Akaniuliza nani aliikata. Nikasema ilikatika. Akaniangalia, akasema imekatika vizuri, kama kwa mkasi.

Tumeichomoa. Harufu! Mizizi imelainika kama sifongo ya kuoshea vyombo. Iliyo hai imebaki miwili, migumu, yenye ncha za kijani. Miwili! Kaifunga kwenye kipande cha gome kwa soksi ya nailoni. Niipulizie maji kidogo kila asubuhi, nisiilowanishe, kisha nisubiri. Miezi mingapi? Akasema labda sita ipate mizizi mipya. Maua mwaka huu nisahau.

Nimeitundika bafuni, chini ya dirisha, kwenye unyevu. Mume wangu alipotoka karakana kutengeneza mafriji ya watu nikamweleza yote. Alicheka kwanza. Mama asijue, akasema. Nikamwambia atajua tu, bora tumwambie. Akasema tutamwambia. Lini? Tutamwambia tu.

Jumatano, 19 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi!

Mama alipiga simu kuulizia okidi. Nilikuwa jikoni nikamsikia mume wangu kwa masikio yangu: Haijambo, mama, tena ina vitumba! Vitumba! Ina mizizi miwili na majani matatu! Nikamuuliza umefanya nini. Eti mama alikuwa na sauti ya unyonge, ulimi ukateleza. Sasa mama anakuja Jumapili, kafurahi kama msichana.

Nimempa mgongo tangu hapo. Yeye anapita na kunigusa bega na kuniita malkia. Nampenda, ndiyo balaa lenyewe. Lakini sitaki kuitwa malkia, nataka apige simu aseme kweli!

Jumamosi, 22 Machi

Hakupiga. Amerudi na okidi nyingine, ya dukani, imechanua yote. Nyeupe. Kaipanda kwenye chungu cha bluu. Eti maua meupe ni maua meupe. Nimemwambia mama yako ameitunza ile miaka thelathini na moja, anaijua kama anavyokujua wewe. Akanijibu kwamba kama nisingeshika mkasi tusingefika hapa. Kweli. Imeniuma kwa sababu ni kweli. Tumekula kila mtu na sahani yake.

Jumapili, 23 Machi

Naandika haraka, nipo chumbani, nimesingizia natafuta glasi nzuri.

Mama amefika. Kavaa gauni zuri, kajipaka manukato – kaja kuongea na mumewe! Mume wangu kamwongoza hadi mezani: Mama, hiyo hapo! Mama kasimama mbele ya ile ya dukani. Hakuketi. Kagusa jani moja kwa kidole, kasema limetoka zuri. Nikafungua mdomo niseme, mume wangu akanikanyaga mguu. Nami nikaufunga! Mpumbavu mimi!

Halafu mama kauliza bafuni ni wapi, anawe mikono.

Mlango umefungwa muda sasa. Maji hayasikiki. Na okidi yake bado imening'inia humo, chini ya dirisha! Mume wangu ameingia hapa, jasho linamtoka, ananong'ona nifanye kitu. Nifanye nini? Nimemwambia mama ni wako.

Sasa mama anaita. Sauti haina ukali wala utamu.

– Binti! Njoo huku. Peke yako. Huyo abaki huko na ua lake.