Tani Tatu na Nusu

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini kile kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti tumeshazoeana. Mjomba wako naye anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe kama ana ubavu.

Usinisemeshe tena habari ya simu. Masikio yangu yaliliwa na kelele za grenda ya kukatia vyuma zamani, ningebaki kuishikilia na kusema "eeh, eeh" kama mwendawazimu. Barua tunampa kondakta wa basi, siku ya pili uko nayo. Inatosha.

Sasa sikiliza. Tela limekwisha. Miezi mitatu nimelichomelea, na mashine ya kusaga imekaa juu yake na injini yake ya dizeli, imetulia kabisa. Jana tulilipandisha kwenye mizani ya wanunua vyuma chakavu: tani mbili na robo, bila gunia hata moja. Mjomba wako atalizungusha huko milimani ambako watu wanatembea nusu siku na nafaka kichwani kwenda kusaga. Tangu mama yako atutoke, hii ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya kwa furaha, na shemeji yangu naye naona amepata uso mwingine.

Shida ni gari. La zamani limekata roho. Wewe hapo yadini unauza pikapu kila siku, nitafutie moja ya wastani, si lile dude kubwa, maana njia za huku nyembamba. Niambie inavuta tani ngapi. Namba tu. Hadithi za wauza magari wape wateja wengine.

Ndoano ya kuvutia usihangaike nayo. Nimeona ndoano za kiwandani. Wanachomelea kama watu wanaowahi kwenda kula.

Baba yako


19 Machi

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimekwisha. Goti lako nalipa pole, na mwambie mjomba nitaolewa siku atakayonyoa zile ndevu.

Nimepata gari. Kampuni inatoa magari mawili ya maonyesho kwa wafanyakazi, pikapu za wastani, mwaka mmoja, injini moja, moja ya kijivu na moja nyeupe. Nimezizunguka asubuhi nzima mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo imeandika kwa herufi kubwa: inavuta tani tatu na nusu. Nimeisoma kwa macho yangu, Baba, siyo hadithi ya muuzaji.

Ya kijivu ina vifaa vya kuvutia vya kiwandani, ndoano yake imeshafungwa chini. Nyeupe haina. Nimekuchukulia nyeupe. Nilikuona kabisa akilini ukiiangalia ile ndoano ya watu, ukiguna, halafu ukiikata siku hiyohiyo. Nikasema bora aweke yake mwenyewe, nami nitakuwa nimemheshimu mzee wangu.

Itafika kabla ya mwezi kwisha kwa lori la kubeba magari. Nipigie picha ya tela.

Mwanao


23 Mei

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Sisi wazima sana. Samahani kwa kimya, kazi imetuelemea.

Gari ni zuri. Ndoano nimeitengeneza kwa chuma cha unene wa vidole viwili, nikaichomelea kwenye chesisi pande zote, mstari juu ya mstari. Fundi wa mtaa wa pili alikuja kuitazama, akainama, akainuka, akaondoka bila kusema kitu. Unajua maana yake.

Mjomba wako ameshakwenda milimani mara nne. Kule wanamsubiri barabarani. Kuna bibi mmoja amempa kuku kwa kumpunguzia safari, na kuku amesafiri kiti cha mbele mpaka nyumbani, mkewe mjomba wako akauliza huyu abiria ni nani.

Mambo mawili nikuulize. Gari linachuchumaa nyuma tukilifunga tela, taa za mbele zinaangalia juu. Na akitoka kupanda mlima kuna harufu, kama kitu kinaungua chini, upande wa giaboksi. Yeye anasema ni upya wa gari. Mimi nasema tukuulize wewe mwenye yadi.

Baba yako


2 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na ninaomba uisome mpaka mwisho kabla hujafanya kitu kingine.

Nimemuuliza mzee wa gereji ya hapa kazini kuhusu ile harufu. Aliniuliza gari lipi, nikamwambia nyeupe, akaweka spana chini. Baba, nilidhani vile vifaa vya kiwandani ni ndoano tu. Siyo. Ndani yake kuna rejeta ndogo ya kupoza oili ya giaboksi, kuna springi nene za nyuma, kuna waya na kifaa cha kulifanya tela lifunge breki zake lenyewe dereva akikanyaga. Ndoano ni kipande cha mwisho tu. Tani tatu na nusu ni za gari lenye vyote hivyo. Lisilokuwa navyo linavuta tani moja na nusu, basi. Imeandikwa kwenye karatasi ileile, chini, kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani. Sikushuka huko chini. Mimi ambaye ndiyo kazi yangu.

Tela lako lina breki za mkono tu. Kwenye mteremko lote linalala juu ya gari, na giaboksi ikichemka haitamsaidia mjomba kulizuia. Nakuomba lisimame leo. Vifaa nimeshaviagiza, vitafika baada ya wiki tatu, na fundi wa hapa atakuchorea namna ya kuvifunga.

Nilitaka kumpigia mjomba simu. Nimeshika simu, nikaiweka. Nakujua, ukisikia nimekupita nikazungumza na dereva wako juu ya kazi ya mikono yako, utanuna mwaka mzima. Basi mwambie wewe, lakini leo, Baba.

Mwanao


17 Juni

Shikamoo Baba,

Nimefika salama. Basi liliharibika njiani, nikalala kwenye kiti, lakini nimefika, na leo nimerudi kazini. Umeamkaje? Umekula? Usikae na njaa kwa sababu hakuna wa kukupikia.

Bado sijaamini kwamba tumemzika mjomba. Kila pikapu inayoingia langoni naitazama nyuma. Leo mteja aliniuliza hii inavuta tani ngapi, nikaomba ruhusa nikaenda chooni nikalia, mwenzangu akamalizia.

Siku nne tulikaa nyumba moja, mimi na wewe, na hatukusemezana zaidi ya "chai hiyo hapo". Nilijua umeumia. Ila kuna jambo nimeondoka nalo. Mke wa mjomba hakunipa mkono. Nilimpigia magoti pale kwenye mkeka, akageuza uso. Nilipokuwa napanda basi dada yake akaniambia, "Wewe ndiye uliyesema waendelee." Nikadhani sikumsikia vizuri. Akarudia.

Baba, barua yangu ya tarehe mbili uliipata? Basi huchukua siku mbili. Mjomba alianguka tarehe tisa. Kama kondakta aliipoteza, niambie, nitakwenda kumshika mimi mwenyewe.

Mwanao


28 Julai

Shikamoo Baba,

Hujambo? Nimeandika mara tatu. Kondakta anaapa kila bahasha amekukabidhi mkononi.

Nimemwandikia na mke wa mjomba. Vitabu na viatu nilivyowatumia watoto vimerudi na basi lilelile, kamba haijafunguliwa.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao


30 Septemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Kuhusu mimi usiulize.

Barua yako niliipata. Ilifika tarehe nne, saa nne asubuhi. Nilikuwa na kinyago cha kuchomelea kichwani, nikakiinua, nikaisoma nimesimama. Nikaisoma tena. Unataka kujua nilichofikiri? Nilifikiri: huyu niliyemfundisha mimi kushika kijiti cha kuchomelea akiwa hajaota meno ya mbele, leo ananifundisha uzito. Nilikasirika. Na kijiji cha juu tulikuwa tumekiahidi Jumatano, mashine imeshapakwa grisi. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Mjomba wako akaingia akifuta mikono. Mkewe alikuwa pale kwenye benchi, amemletea chakula. Akaniuliza, "Shemeji, mtoto kajibu nini kuhusu ile harufu?"

Nikamwambia, "Kasema ni upya tu. Endeleeni."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nilikutia maneno mdomoni ili nisiseme kwamba nimekosea. Yeye akacheka, akasema unaona, nilikwambia. Alikuamini wewe kuliko mimi, ndiyo maana hakuuliza mara ya pili.

Waliokuwepo wanasema giaboksi iliachia kwenye mteremko mrefu, akakanyaga breki mpaka zikatoa moshi, tela likawa linamsukuma. Nilikwenda kuliona gari kule bondeni. Ndoano yangu haikukatika. Haina hata ufa. Ingekatika tela lingekwenda zake na yeye angebaki barabarani. Nilikaa pale nikaishika, mwanangu, na nikaichukia kazi yangu yote.

Kwenye matanga nilikuona ukimpigia magoti, na nilijua kwa nini anageuza uso. Nikanyamaza. Hilo ni baya kuliko lile la kwanza, maana la kwanza nilikuwa na hasira, na la pili sikuwa nayo.

Jumapili nakwenda kwake na barua yako. Nitamsomea yote.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza sitashangaa.

Baba yako


21 Novemba

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Goti linakuwaje na mvua hizi?

Barua yako nimekaa nayo wiki saba. Mwanzoni nilitaka kupanda basi nije kukupigia kelele mpaka masikio yako yapone. Halafu nikasema ngoja, Jumapili imepita, ameshamwambia, mke wa mjomba ataniandikia.

Ameniandikia kweli. Imefika jana. Anasema ulikwenda Jumapili ile ukiwa umevaa koti, ukakaa, ukanywa chai vikombe viwili, ukauliza mlango wa jikoni una nini. Ukautengeneza. Jumapili iliyofuata ukaenda tena. Anasema sasa unakwenda kila siku, unawapeleka watoto shule, umewatengenezea vitanda, na mdogo analala begani kwako. Anasema, "Baba yako ndiye aliyebaki kutushika, hatuna mwingine." Barua yangu ya tarehe mbili hujamsomea. Hajui hata kama ipo.

Ameniandikia kwa swali moja. Anasema amechoka kunichukia kwa kusikia tu, nimwambie kwa mkono wangu mwenyewe, nilisema waendelee au sikusema?

Nilikuwa na kweli tayari, Baba. Nilikuwa nimeshaandika "Sikusema", kisha nikaona wale watoto wakisubiri mlangoni asubuhi na wewe hutokei.

Nimemjibu kwamba nilisema. Nimemwomba radhi kwa kurasa mbili, na radhi yenyewe haikuwa ya uongo, kwa sababu nyeupe niliichagua mimi, na simu niliishika mimi nikaiweka chini. Yangu ni hayo mawili. La tatu ni lako, nimelibeba kwa sababu mimi niko mbali na akinichukia mimi hakuna kitakachopungua nyumbani kwake.

Usinishukuru. Nimelia usiku wote kwa hasira, na hasira hiyo ni yako. Mjomba aliniamini mimi, na sasa ataendelea kulala huko chini, wote wakiamini kwamba nilimdanganya.

Siku utakayomwambia, nitajua, kwa sababu yeye ndiye atakayeniandikia. Mpaka hapo usimpe kondakta bahasha yenye jina langu. Nitairudisha bila kuifungua.

Kula vizuri. Wafikishe watoto shule mapema.

Mwanao