Mkimbizi wa Jukwaani

Jumapili, kambini Nakivale

Bado nina hasira. Jana nilienda Mbarara na dada yangu Furaha kuona teatri juu ya wakimbizi Wakongo. Nilikuwa nimeingoja wiki nzima.

Yule aliyecheza mama alifika mpakani nguo zimemchanika, akajitupa chini, akalia. Watu wakapiga makofi. Mwanamke aliyekaa karibu yangu, aliyekuwa amesikia Kiswahili chetu cha Kongo, akanishika mkono. "Pole. Kumbe hivyo ndivyo mulikuja?"

Nikanyamaza. Ndilo linaloniuma zaidi.

Siku ile tunavuka, mama yetu alitusimamisha kando ya barabara, akatunawisha uso, akatuvalisha nguo za kanisa. "Batu ba huku basituone bachafu," alisema.

Alilia baadaye, ndani ya hema, na sisi tukajifanya tumelala.