Mpira wa Masele

Herman, nimekunywa mate ya Masele, mgonjwa mwenzangu kliniki. Naam, nimeyanywa, na hata sasa mdomo haujatakata.

Muuguzi alisema pumzi yangu imedhoofu kwa kukaa kitini tangu nistaafu ualimu. Akanipa mpira mwembamba wa kupuliza, uliochomekwa kwenye chupa ya maji, ili maji yahamie chupa ya pili. Sikumsubiri amalize. Nilivuta, kama wanywa pombe wavutavyo mrija, maji yakanijaa mdomoni.

Masele alikuwa amepuliza kabla yangu, ugoro ungali mdomoni. Mpira ule ule, Herman. Maji yale yale.

Akaniuliza mbele ya wagonjwa wote: "Mwalimu, ugoro wangu umekolea?"

Ni kinyaa kitupu. Lakini kesho nitarudi, maana Jumamosi, siku ya harusi yake, sharti nimfikishe mjukuu wangu Serafina altareni bila kuketi njiani. Nitakwenda na mpira wangu mwenyewe.